Gari la zamani, injini mpya: Usiiamini dashibodi kabla ya kuipima

Na Mwandishi Wetu, Kigali

WAHENGA walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Kwa dereva, mawingu hayo huonekana kwenye dashibodi: mshale wa joto unapanda, presha ya oili inashuka, volti zinapungua. Lakini itakuwaje ikiwa mshale umetulia katikati, kila kitu kinaonekana salama, na huku chini ya boneti injini inaungua?

Hilo ndilo linalowakabili wamiliki wengi wa magari ya zamani ya michezo yaliyofanyiwa marekebisho. Mtu hununua Datsun, Celica au MG ya miaka ya 1970. Huipaka rangi upya, huifunga injini nyingine yenye nguvu zaidi, huibadilisha giaboksi, kisha huivalisha tairi pana. Fedha humwishia hapo. Dashibodi huachwa kama ilivyotoka kiwandani, kwa sababu inapendeza machoni na mishale yake bado inacheza.

Tatizo ni kwamba mshale kucheza si ushahidi kuwa unasema kweli. Geji zile zilitengenezwa kwa ajili ya injini ile ya kwanza, sensa zake, giaboksi yake na tairi zake. Ukibadilisha kimoja kati ya hivyo, dashibodi inaendelea kutoa habari za gari ambalo halipo tena.

Wala jambo hili si la wenye magari ya maonyesho peke yao. Ndugu aliyerejea nyumbani na gari la ujana wake, na mfanyabiashara anayepanda kwenda Gatuna kila wiki kwa Toyota Corolla iliyobadilishwa injini, wote wamo katika mtego huo huo. Hata lugha ya gereji za Kigali inaonyesha tulivyotoka sehemu mbalimbali. Waliokulia Uganda, Kenya na Tanzania husema dashibodi na spidomita, na waliokulia Burundi na Congo husema tableau de bord na compteur. Majina ni tofauti, lakini ugonjwa ni mmoja.

Usukani uliohama

Rwanda tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kama Burundi na Congo. Majirani zetu wa Uganda, Tanzania na Kenya huendesha kushoto. Mwaka 2005 serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini magari madogo yenye usukani wa kulia. Kwa hiyo mpenzi wa magari ya zamani aliyeko Kigali ana mtihani ambao mwenzake wa Mombasa hana: gari zuri alilolikuta Kampala au Nairobi mara nyingi lina usukani upande usiotakiwa. Kabla ya kutoa hata faranga moja, aulize Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, RRA, kama gari hilo litaweza kusajiliwa.

Gari lililowahi kuhamishwa usukani lina historia yake kwenye dashibodi. Waya zilikatwa zikaungwa ili zifike upande wa pili, kebo ya spidomita ilirefushwa au ikapindwa, na pengine geji zilichukuliwa kutoka gari jingine lenye umbo linalofanana. Kila kiungio cha waya kilichofanywa kwa kusokota na kuzungushia utepe ni mahali ambapo umeme unaweza kupotea, na umeme ukipotea, geji husoma vibaya.

Anayetafuta gari lenye usukani wa kushoto huelekea kwenye masoko ya Ulaya, nchi za Ghuba au Marekani. Datsun 240Z, kwa mfano, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1973, iliuzwa zaidi Marekani kuliko mahali pengine popote. Usukani wake utakuwa kushoto, lakini spidomita itakuwa ya maili. Kwa hiyo hata gari ambalo halijaguswa na fundi litahitaji kazi kwenye dashibodi.

Somo la Safari

Afrika Mashariki si wageni wa magari haya. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye alirudi kushinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 kwa magari mengine ya Datsun. Toyota Celica yenye turbo ikachukua ushindi wa 1984, 1985 na 1986. Hapa Rwanda tuna Mountain Gorilla Rally, ambayo kwa miaka mingi imekuwa sehemu ya ubingwa wa Afrika.

Ukiitazama dashibodi ya 240Z utaelewa jinsi watengenezaji wa wakati ule walivyomheshimu dereva. Mbele yake kuna geji mbili kubwa, ya mwendo na ya mizunguko ya injini. Katikati kuna tatu ndogo zilizoelekezwa kwake: moja ina presha ya oili na joto la maji pamoja, ya pili ina ampea na mafuta, na ya tatu ni saa. Dereva alipewa habari kamili kisha akaachwa aamue.

Magari ya baadaye yalianza kumficha dereva habari. Katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990, mshale wa joto umepangwa ukae katikati bila kutikisika, maji yawe kwenye nyuzi 80 au yamepita 100, ili mwenye gari asishtuke bure. Mazda MX-5 ni mfano unaojulikana sana. Ilipoanza kuuzwa mwaka 1989 ilikuwa na geji ya presha ya oili inayosoma kweli. Kuanzia toleo la 1995 mshale ulifanywa usimame mahali pamoja mradi kuna presha kidogo tu. Kwa maneno mengine, geji iligeuzwa kuwa taa yenye sura ya geji. Wamiliki wengi wa gari hilo huirudisha ile ya kwanza pamoja na sensa yake.

Jambo la kujifunza hapa ni kwamba unapochagua geji ya kuongeza, swali la kwanza lisiwe kama inapendeza. Uliza kwanza kama mshale wake unafuata kinachotokea ndani ya injini.

Milima yetu na maji yanayochemka mapema

Kigali iko juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,500 katika mitaa mingi. Katika kimo hicho maji yaliyo kwenye sufuria huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, wala si 100 kama Dar es Salaam au Mombasa. Ndani ya rejeta nzima hilo halina madhara, kwa sababu mfuniko wake hufungia presha. Mfuniko wa bari 0.9 huyawezesha maji kupita nyuzi 110 bila kuchemka, hata huku kwetu.

Lakini mfuniko ukiwa umechoka, au fundi akiweka wowote uliokuwa karibu, kinga hiyo inapotea. Injini inayofanya kazi kwa kawaida kwenye nyuzi 90 inabaki na nyuzi tano tu kabla maji hayajaanza kuchemka. Panda nayo Shyorongi nyuma ya lori, au mlima wa Buranga ukielekea Musanze, na nyuzi hizo tano utazimaliza kabla hujafika kileleni. Silinda hedi ya aluminiamu ikizidishiwa joto hupinda, gasketi huungua, na safari inaishia pembeni mwa barabara.

Ndiyo maana geji ya joto yenye namba, si ile yenye herufi mbili tu za baridi na moto, ni ya lazima kwa gari lililobadilishwa injini. Dereva akiona mshale umetoka 90 ukafika 100, anapunguza mwendo, anashusha gia, na ikibidi anawasha hita ya ndani ili isaidie kupoza, mapema kabla mambo hayajaharibika.

Kuna hila moja ambayo kila dereva anapaswa kuijua. Sensa ya joto hupima maji yanayoigusa. Hozi ikipasuka na maji yakatoka yote, sensa inabaki hewani, na mshale unaweza kushuka wakati injini inazidi kuungua. Mshale wa joto ukishuka ghafla ukiwa mlimani, usifurahi. Simama uangalie.

Taa nyekundu huchelewa

Baada ya joto, au hata kabla yake, inafuata presha ya oili. Magari mengi yana taa nyekundu peke yake. Swichi ya taa hiyo kwa kawaida huwaka presha ikishuka hadi bari 0.3 au 0.5. Kiwango hicho kinaweza kukubalika injini ikiwa inaunguruma tu bila kwenda. Lakini injini inayozunguka mara 4,000 kwa dakika inahitaji zaidi ya hapo. Kanuni ya kale ya mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, yaani karibu bari 0.7. Kwa mizunguko 4,000 ni kama bari 2.8.

Piga hesabu mwenyewe. Ikiwa pampu imechoka na presha ni bari moja tu kwenye mizunguko 4,000, taa haitawaka. Beringi zinasagika na dashibodi imenyamaza. Taa itakapowaka, kazi iliyobaki ni ya kununua injini nyingine.

Geji ya kweli huonyesha jambo jingine ambalo taa haliwezi: kuyumba kwa oili kwenye kona. Barabara ya kwenda Gatuna ina kona nyingi. Gari la michezo likikata kona kwa kasi, oili iliyo chini ya injini hukimbilia upande mmoja na pampu ikavuta hewa. Mshale ukidondoka kwenye kona kisha ukarudi, gari linakuambia oili imepungua au karta yake haifai kwa mwendo huo.

Geji za presha ya oili ni za aina mbili. Moja huleta oili yenyewe hadi nyuma ya dashibodi kwa bomba jembamba. Ni rahisi na ni sahihi, lakini bomba likipasuka, oili ya moto itamwagika miguuni kwa dereva. Ya pili hutumia sensa na waya, oili ikabaki upande wa injini. Kwa gari la barabarani, hii ya pili ni salama zaidi.

Geji na sensa ni mke na mume

Kosa linalofanyika mara nyingi zaidi ni kutenganisha geji na sensa yake. Geji nyingi za umeme haziwasiliani na injini moja kwa moja. Zinasoma ukinzani wa sensa, unaopimwa kwa omu. Sensa ya joto hupunguza ukinzani wake kadiri joto linavyopanda, lakini kila mtengenezaji ana viwango vyake. Sensa ya Nissan ikiunganishwa na geji ya Toyota, mshale utacheza vizuri kabisa na kila namba itakuwa ya uongo.

Geji ya mafuta hueleza jambo hili waziwazi. Kwa kipimo cha Kimarekani, tangi tupu ni omu 240 na tangi lililojaa ni 33. Kwa kipimo cha VDO ya Ujerumani, tangi tupu ni omu 10 na lililojaa ni 180. Ukichanganya hivi viwili, geji husoma kinyume: ukijaza tangi, mshale unakuambia limekauka.

Geji ya mizunguko ya injini nayo ina mtego wake. Katika gari la petroli la zamani hesabu hutoka kwenye cheche za plagi. Injini ya silinda nne hutoa cheche mbili kwa kila mzunguko, na ya silinda sita, kama ile ya 240Z, hutoa tatu. Ukifunga injini ya silinda nne na kuiacha geji ya silinda sita, injini ikizunguka mara 6,000 dashibodi itasema 4,000. Dereva ataendelea kukanyaga akidhani bado ana nafasi. Geji nyingi za kisasa zina swichi ndogo kwa nyuma ya kuchagua idadi ya silinda. Iangalie kabla ya kuifunga.

Kwa hiyo ukinunua geji, nunua na sensa yake ndani ya kasha moja. Kisha ipime kabla ya kuifunga. Weka sensa ya joto ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, unganisha geji kwenye betri, hakikisha mwili wa sensa umeungwa kwenye hasi, na uchemshe. Hapa Kigali mshale ukisimama kwenye 95 maji yanapochemka, geji ni nzima. Ukisimama kwenye 100 kamili, tayari inakudanganya kwa nyuzi tano.

Jihadhari pia na uzi wa skrubu. Injini nyingi za Kijapani zina tundu la sensa ya oili lenye uzi wa Kiingereza wa moja ya nane ya inchi, wenye meno 28 kwa inchi. Geji nyingi zinazouzwa huja na uzi wa Kimarekani wa kipimo hicho hicho, lakini wenye meno 27. Kwa macho vinafanana. Ukilazimisha kwa spana, unaweza kupasua bodi ya pampu au bloku. Kiunganishi cha kubadilisha uzi ni kitu kidogo na cha bei nafuu ukilinganisha na bloku.

Umeme usiotulia

Magari ya Kiingereza ya miaka ya 1960 na 1970, kama MGB, yana kifaa kidogo nyuma ya dashibodi kinachopunguza umeme hadi volti 10 kwa ajili ya geji. Kikiharibika, geji ya mafuta na ya joto hupanda pamoja. Wengi hukimbilia kubadilisha themostati na rejeta wakati ugonjwa uko kwenye kikasha kidogo kuliko kiberiti. Ukiona mishale miwili isiyohusiana inapanda au kushuka kwa pamoja, anza na umeme wa dashibodi.

Kipimo kingine rahisi hufanyika usiku. Washa taa kubwa huku ukiangalia geji. Mshale wa joto ukiruka mara tu taa zinapowaka, maji hayajapata moto, bali waya wa athi ni mbovu. Sensa nyingi zenye waya mmoja hutegemea uzi wake kugusana na chuma cha injini. Fundi akizungushia utepe mweupe wa mabomba kwa wingi ili oili isivuje, anaweza kuikata athi hiyo bila kujua.

Kuhusu geji ya ampea, ushauri ni kuiachia nafasi geji ya volti. Ampea hupitisha umeme wote wa gari ndani ya dashibodi. Ilitosha kwa alteneta ndogo ya wakati ule, lakini mtu akiongeza alteneta kubwa, feni za umeme na redio yenye spika nzito, waya zake hupata moto hadi kuungua. Geji ya volti inahitaji waya mwembamba wenye fyuzi, na inasema mengi: injini ikiwa imezimwa betri nzima husoma kama 12.6, ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 alteneta haichaji, na ikipita 15 inachemsha betri.

Mwendo wa kweli na kamera ya barabarani

Spidomita ya maili haifai kwa barabara za kilomita. Maili moja ni kilomita 1.609, kwa hiyo mshale unaoonyesha 50 maana yake ni kilomita 80. Kubandika namba ndogo kwenye kioo ni kujidanganya. Badilisha sura ya geji pamoja na gia yake ya ndani, au weka spidomita ya kielektroniki inayoweza kupangwa upya.

Tairi nazo hubadilisha hesabu. Tairi ya 175/70 ringi 13 ina kipenyo cha milimita 575 hivi. Ukiweka 185/70 ringi 14, kipenyo kinakuwa karibu milimita 615, ongezeko la asilimia kama 7. Spidomita ikisema 60, wewe uko kwenye 64. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inataka spidomita isionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Inaruhusu tu ionyeshe zaidi, kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Gari lako la tairi kubwa limeingia upande usioruhusiwa, na kamera za barabarani, ambazo wakazi wa Kigali wamezibatiza jina la Sophia, hazisikilizi maelezo ya ukubwa wa tairi. Linganisha spidomita na simu yenye ramani ya setilaiti kwenye barabara iliyonyooka, abiria ndiye asome simu, kisha utajua tofauti yako.

Kihesabu kilomita kisifute historia

Ukibadilisha spidomita, kihesabu kilomita nacho kinabadilika. Hapa ndipo uaminifu unapopimwa. Geji mpya huanza na sifuri, na mnunuzi asiyejua ataamini gari halijatembea. Andika kilomita za geji ya zamani siku ulipoitoa, piga picha, na uiweke picha hiyo pamoja na kadi ya gari. Ukiuza, mpe mnunuzi.

Kwa upande wa mnunuzi, kumbuka kuwa magari mengi ya miaka ya 1970 yana kihesabu chenye tarakimu tano. Kikifika 99,999 hurudi sifuri. Gari linaloonyesha 43,000 linaweza kuwa limetembea 143,000 au 243,000 bila mtu yeyote kufanya udanganyifu. Angalia mpira wa kanyagio, ukingo wa usukani na kiti cha dereva. Vikiwa vimesagika hadi chuma, usiziamini zile 43,000.

Kwa wanaovuka mpaka

Vifaa hivi hupatikana Gatsata, jirani na Nyabugogo, na wafanyabiashara huvileta pia kutoka Kisekka jijini Kampala, Kirinyaga Road mjini Nairobi na Gerezani jijini Dar es Salaam. Anayebeba geji kwa biashara akumbuke mambo matatu.

Kwanza, utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 unahusu bidhaa zilizotokana na nchi za jumuiya. Geji ya Japan au Ujerumani iliyonunuliwa Kampala haigeuki kuwa ya Uganda kwa sababu imepita dukani kule. Chukua risiti, litangaze, na weka ushuru kwenye hesabu ya bei yako.

Pili, uza geji na sensa pamoja, na andika kwenye kasha aina ya uzi na kipimo cha omu. Mfanyabiashara anayejua kueleza hayo mawili atarudiwa na mafundi, na yule anayeuza geji peke yake atarudiwa na malalamiko.

Tatu, geji za bandia ni nyingi. Pima kabla ya kulipa. Betri ndogo ya volti 12 na sufuria ya maji ya moto vinatosha.

Anzia wapi

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio uwe huu: presha ya oili kwanza, joto la maji la pili, volti la tatu, kisha spidomita. Rangi, redio na viti vya ngozi vitafuata. Hakuna kati ya hivyo kitakachokuonya ukiwa juu ya Buranga.

Usikate dashibodi ya asili. Dashibodi za 240Z hupasuka zenyewe kwa jua, na iliyo nzima ni mali. Geji tatu za ziada zinaweza kukaa chini ya redio au kwenye nafasi ya sahani ya majivu, kwenye kibao kinachoweza kutolewa bila kuacha tundu. Anayetaka sura ile ile ya zamani anaweza kumpa fundi wa geji aibakishe sura na kasha, abadilishe mashine ya ndani peke yake. Ukiweka balbu za LED, zichague zinazofaa kwa kifaa chako cha kufifisha mwanga, maana zile za kawaida mara nyingi hazifuati kile cha zamani, na dashibodi inayong'aa kupita kiasi humpofusha dereva usiku.

Mwisho, chukua mbinu ya madereva wa mashindano. Unapofunga geji za ziada, zizungushe kwenye matundu yake hadi mishale yote isimame wima, kama saa sita kamili, injini ikiwa kwenye hali yake ya kawaida. Namba zitakaa upande, na rafiki zako wataona kama fundi alilewa. Lakini ukiwa barabarani hutahitaji kusoma namba. Utatupa jicho mara moja, na mshale wowote uliolala utauona kabla injini haijakulaza njiani.